Mjumbe Aliyechelewa na Divai Tamu ya Johannisberg

Wazee wetu wametuachia methali mbili zinazoonekana kupingana. Ya kwanza yasema: Mvumilivu hula mbivu. Ya pili yajibu: Ngojangoja huumiza matumbo. Kila mkulima azijua zote mbili, hata kama hazitamki. Mazao yanapokaribia kuiva, hujiuliza kila asubuhi: Je, nivune leo, au nisubiri tena kidogo? Akivuna upesi, atapata mazao machanga. Akikawia, mvua au ndege au wezi watamtangulia shambani.

Leo twataka kuwasimulia habari za wakulima wa zabibu wa nchi ya Ujerumani, ambao kwa muda wa miaka zaidi ya 200 wamejizoeza kusubiri kupita majirani zao wote. Hawangoji zabibu ziive tu. Huziacha mpaka zipite kuiva, zikunjamane kama ngozi ya mzee, na mara nyingine zianze kuoza. Kisha kwa zabibu hizo, ambazo mtu wa sokoni angezitupa, hutengeneza divai nyeupe yenye utamu wa asali. Jambo hilo lilianzaje? Na kwa sababu gani zabibu iliyooza haiiharibu divai? Tufuatane, tukaone.

Kilima cha Mtakatifu Yohane

Mto Rhine, mmoja wa mito mikubwa ya Ulaya, watoka katika milima ya Uswisi na kuelekea kaskazini. Lakini ukifika mji wa Mainz wakutana na milima ya Taunus, nao walazimika kugeuka na kwenda upande wa magharibi kwa mwendo wa kilometa 30 hivi. Kwa hiyo ukingo wake wa kaskazini walitazama jua la kusini mchana kutwa. Milima huukinga upepo wa baridi, na maji mapana ya mto hutunza joto. Nchi hiyo ndogo yaitwa Rheingau. Iko mbali sana upande wa kaskazini, karibu na mpaka ambako mzabibu hushindwa na baridi. Lakini kwa ajili ya mto na milima, mizabibu hustawi pale.

Karibu na mwaka 1100 watawa wa Mtakatifu Benedikto walijenga monasteri juu ya kilima kimoja cha Rheingau. Kanisa lao waliliweka chini ya ulinzi wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, na kilima kikapata jina la Johannisberg, yaani Mlima wa Yohane. Watawa walilima mizabibu, maana hakuna Misa pasipo divai, na tena divai ilikuwa kinywaji cha mezani cha watu wa nchi ile. Monasteri ilifungwa katika karne ya 16. Mwaka 1716 mahali pale palinunuliwa na Abati wa Fulda, aliyekuwa mkuu wa watawa na pia mtawala wa nchi yake. Yeye alijenga jumba kubwa, na kuanzia mwaka 1720 kilima kikapandwa mizabibu ya aina moja iitwayo Riesling.

Mzabibu huu una tabia mbili ambazo yafaa kuzikumbuka. Kwanza, huchelewa kuiva kuliko mingine mingi. Pili, hata zabibu zake zikijaa sukari hazipotezi ukali wake, ule ukali kama wa ndimu unaoamsha ulimi. Bila ukali huo divai tamu huwa kama maji ya sukari tu. Mtu hunywa mara moja na kuchoka.

Barua ya mwaka 1775

Mtawala wa Fulda alikaa mbali na shamba lake, mwendo wa kilometa zaidi ya 100. Hata hivyo yeye ndiye aliyetoa ruhusa ya kuvuna. Kila mwaka, zabibu zilipokaribia kuiva, mjumbe alipanda farasi akaenda Fulda, akaonyesha hali ya zabibu, akarudi na barua ya ruhusa. Kabla ya barua hiyo kufika, hakuna aliyethubutu kukata kishada.

Masimulizi ya Johannisberg yasema kwamba mwaka 1775 mjumbe alikwenda kama desturi, lakini hakurudi kwa siku yake. Wenye mashamba ya jirani walivuna, wakakamua zabibu zao. Watu wa Johannisberg wakakaa wakitazama njia. Zabibu zikapita kuiva, ngozi zikalegea, kisha kuvu ya rangi ya kijivu ikaanza kuenea juu ya vishada.

Tufikiri kidogo hali ya watu wale. Mzabibu hauzai kila mwezi kama mgomba. Huzaa mara moja tu kwa mwaka. Katika majira ya baridi hukatwa matawi, mwezi wa Aprili huchipua, Juni hutoa maua, na kazi ya miezi hiyo yote hungoja siku chache za mavuno. Mavuno yakipotea, hakuna mengine mpaka mwaka unaofuata. Basi watu waliona kazi ya mwaka mzima ikioza mbele ya macho yao, nao hawakuwa na ruhusa ya kunyosha mkono.

Hatimaye mjumbe akafika na barua. Sasa, wavune nini? Wangeweza kusema: Yamekwisha, tuyaache kwa ndege. Lakini walichukua vikapu vyao, wakaingia shambani, wakavuna zabibu zilizooza, wakazikamua, wakayatia maji yake katika mapipa. Mwaka 1776, majira ya baridi yalipokwisha, wakafungua mapipa ili waonje. Kumbe, divai ile ilikuwa tamu na yenye harufu nzuri kuliko divai yoyote waliyowahi kuitia kinywani. Tangu mavuno yale, watu wa kilima kile walianza kuchelewa kwa makusudi. Divai ya namna hiyo huitwa kwa Kijerumani Spätlese, yaani mavuno ya kuchelewa.

Yatupasa kusema kweli kwamba Wajerumani hawakuwa wa kwanza. Katika nchi ya Hungaria, mahali paitwapo Tokaj, zabibu zilizokauka juu ya mti zilikuwa zikitengenezwa divai tamu karne mbili kabla ya mjumbe wa Fulda. Lakini kwa nchi ya Rhine mwaka 1775 ndio unaokumbukwa.

Uozo unaofaa

Je, ni nini kilichotokea katika zabibu zile? Ili tuelewe, tukumbuke ndizi. Anayetaka kutengeneza kasiksi hakamui ndizi mbichi. Huzifukia shimoni pamoja na majani na kuzipasha joto kwa siku kadhaa mpaka ziive na kulainika. Afanya hivyo kwa kuwa ndizi mbichi ina wanga, wala haina sukari nyingi. Nayo sukari ndiyo chakula cha chachu. Pasipo sukari hapana pombe.

Zabibu nayo yahitaji sukari, lakini huipata kwa njia nyingine. Majani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kuipeleka katika punje. Punje ikiisha kuiva, majani yakianza kugeuka rangi, mzabibu hauongezi tena sukari nyingi. Tangu hapo utamu huzidi kwa sababu maji hupungua. Ni kama mama anayechemsha mchuzi: chumvi haikuongezwa, lakini maji yakipungua mchuzi hukolea.

Hapo ndipo ile kuvu inapofanya kazi. Wataalamu waiita Botrytis cinerea. Vijiuzi vyake vyembamba hupenya ngozi ya punje na kuitoboa matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Maji ya ndani hutoka kwa matundu hayo na kukaushwa na jua na upepo. Punje husinyaa, hugeuka rangi ya kahawia, mwisho hufanana na zabibu kavu iliyovaa vumbi. Kuvu hula sukari kidogo, lakini hula pia sehemu ya ukali, na huacha ladha mpya inayofanana na asali. Wafaransa na Wajerumani wameipa sifa ya uungwana, wakiiita uozo bora.

Lakini kuvu hiyohiyo ni adui pia. Yataka ukungu wa asubuhi ili iote, kisha yataka jua la mchana ili punje zikauke. Asubuhi za vuli ukungu hupanda kutoka mtoni Rhine, na mchana jua huufukuza. Mambo yakienda hivyo, mkulima hufurahi. Lakini mvua ikinyesha siku baada ya siku, punje hupasuka, vijidudu vingine huingia, na badala ya asali hupatikana harufu ya siki. Zabibu zilizo bado mbichi nazo zikipatwa na kuvu, hupotea kabisa. Kwa hiyo si kila uozo ni bora, wala si kila kuchelewa kuna faida.

Tena si kuvu peke yake. Ndege hupenda zabibu tamu kuliko sisi, nyigu pia, na nguruwe wa mwitu hushuka usiku kutoka msituni. Kila siku ya kungoja hupunguza kiasi cha mavuno. Katika shamba la Château d'Yquem, huko Sauternes nchini Ufaransa, ambako divai hutengenezwa kwa uozo huohuo, watu husema kwamba mzabibu mmoja hutoa glasi moja tu. Na miaka mingine hutoa chini ya hapo: mwaka 1992 na mwaka 2012 wenye shamba hilo waliona zabibu hazikufaa, nao hawakuuza hata chupa moja ya divai tamu kwa jina lao. Walingoja, wakakosa. Huo ndio umaskini anaoukubali mwenye kungoja.

Kazi ya mikono

Wengine hudhani kwamba mwenye kuchelewa kuvuna hulala nyumbani. Kinyume chake, hana usingizi. Kila siku hupita kati ya mistari ya mizabibu, huonja punje, huzibonyeza, hutazama mbegu kama zimegeuka kahawia. Hukata majani yanayozuia upepo. Huondoa vishada vilivyooza vibaya kabla havijaambukiza vingine.

Mavuno yenyewe hayafanyiki siku moja. Wavunaji hupita shambani mara ya kwanza, wakachagua vishada vinavyofaa tu. Baada ya siku kadhaa hupita tena. Huko Sauternes hupita mara tano au sita, na vuli nyingine zaidi. Kwa divai zilizo tamu kupita zote, hawakati kishada kizima. Huchuma punje mojamoja iliyokauka na kuziacha zile ambazo hazijawa tayari. Mvunaji aweza kuinama tangu asubuhi hata jioni, kikapu chake kisijae.

Zabibu zikiisha kufika nyumbani, hutiwa katika shinikizo na kubanwa polepole. Maji hutoka kwa shida, mazito kama mafuta ya mawese yaliyoanza kuganda. Hapo hupimwa. Kipimo kinachotumiwa Ujerumani chaitwa kwa jina la Ferdinand Oechsle, fundi wa mji wa Pforzheim, aliyeishi tangu mwaka 1774 hata 1852. Wanafunzi wataelewa mara moja: lita moja ya maji safi ina uzito wa gramu 1000. Lita ya maji ya zabibu ikiwa na uzito wa gramu 1085, husemwa kwamba ina digrii 85, maana sukari ndiyo iliyoongeza uzito. Kwa divai ya punje zilizokauka kabisa sheria yataka kwa kawaida digrii 150. Bila kipimo mtu aweza kudanganywa na ulimi wake, mizani haidanganyiki.

Baada ya kupimwa, maji huachwa usiku mmoja yatulie, takataka zishuke chini, kisha hutiwa katika pipa. Chachu huanza kazi. Hula sukari na kuigeuza kuwa alkoli na hewa ya kaboni. Hewa hiyo ni nzito, hukaa chini ya ghala, nayo huua bila harufu wala sauti. Kwa hiyo zamani watu waliingia katika ghala za divai wakishika mshumaa. Mshumaa ukizimika, walikimbia nje.

Sasa mwanafunzi atwae kalamu, tufanye hesabu. Tuseme lita moja ya maji ya zabibu ina gramu 250 za sukari. Chachu yahitaji gramu 17 hivi ili divai ipate alkoli ya asilimia 1. Kazi ikikoma alkoli ifikapo asilimia 10, gramu 170 zimeliwa. Zimebaki ngapi? Gramu 80. Hizo ndizo utamu wa divai. Hakuna aliyetia sukari kwa kijiko. Imetoka katika zabibu yenyewe.

Lakini chachu itakomaje, na chakula kimebaki? Zamani majira ya baridi yenyewe yaliizuia: Desemba ilifika, ghala ikapoa, chachu iliyokwisha kulemewa na sukari nyingi ikalala. Siku hizi watengenezaji hupoza mapipa kwa mashine, hutia salfa kidogo, na kuchuja divai kwa kichujio chembamba sana ili chachu yote iondoke. Chachu ikibaki, hufufuka joto likirudi, nayo chupa hupasuka. Hatuna budi kuongeza kwamba leo divai nyingi zenye jina la Spätlese huachwa zichache mpaka utamu umekwisha, na nyingine hutengenezwa kwa zabibu zilizoiva sana bila kuvu. Jina lasema siku ya kuvuna, halisemi utamu wa chupa.

Swali la altareni

Huenda msomaji mmoja atatuuliza: Sheria ya Kanisa yataka divai ya Misa iwe ya asili, ya tunda la mzabibu, isiyoharibika. Je, divai ya zabibu zilizooza si divai iliyoharibika? La, sivyo. Divai iliyoharibika ni ile iliyogeuka siki. Divai tamu ya mavuno ya kuchelewa, kama haikuchanganywa na kitu kigeni, ni divai kamili, na sukari yake pamoja na ukali wake huisaidia kudumu miaka mingi. Na kwamba mapadre wengi huchagua divai nyeupe, sababu yake ni nyepesi: haitii madoa katika vitambaa vya altare.

Mwingine atauliza kama twaweza kuitengeneza huku kwetu. Mzabibu waweza kuzaa karibu na Ikweta. Huko Dodoma, katika Tanzania, zabibu zalimwa, na wakulima huvuna mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa hakuna baridi ya kuulaza mti. Mkulima mwenyewe huuamsha kwa kuukata matawi. Lakini divai tuliyoisimulia yataka vuli ndefu yenye ukungu wa asubuhi, jua la mchana na usiku wa baridi. Sisi ambao mvua zetu hunyesha miezi mingi tungepata uozo tu, usio na uungwana wowote. Kila nchi ina kipaji chake.

Tena tusisahau kwamba divai hii hunywewa katika glasi ndogo, mwisho wa chakula, pamoja na watu wa nyumbani. Anayeinywa ili alewe amepoteza fedha yake na kazi ya wale walioinama.

Katika ua wa jumba la Johannisberg leo imesimama sanamu ya yule mjumbe juu ya farasi wake. Wageni husimama mbele yake wakicheka, wakisema: Mtu huyu amepewa heshima kwa sababu alichelewa! Sisi nasi twacheka. Lakini twadhani kwamba mjumbe hakutengeneza divai. Alichelewa tu, na kuchelewa kila mtu aweza. Waliotengeneza divai ni wale waume kwa wake, ambao majina yao hayakuandikwa, walioingia shambani na vikapu siku ile majirani walipokuwa wamekwisha kumaliza. Waliona mavuno yaliyooza, wala hawakusema: Yamekwisha. Waliinama, wakatazama karibu, wakachuma.

Basi, mzazi mwenye mtoto aliyechelewa darasani, na mkulima ambaye shamba lake limepigwa na mvua, asiharakishe kutamka neno la mwisho. Kwanza na ainame, atazame karibu. Huenda kuna kitu bado cha kuvunwa.